Umeongeza swichi karakana, taa imegoma: tatizo liko wapi?

Mjomba wangu ana karakana ya useremala uani kwake, Magomeni, hapa Mtwara mjini. Miaka yote taa zake mbili ziliwashwa kwa kupandisha breka asubuhi na kuishusha jioni, kwa sababu fundi aliyepitisha waya alisema swichi "tutaweka baadaye". Baadaye hiyo ilipochelewa mno, mjomba akanunua swichi mwenyewe, akapanda juu ya stuli, akaunganisha. Usiku akanipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia harakaharaka. "Mjomba," akaniambia, maana kwetu anayeitwa mjomba naye hukuita hivyohivyo, "taa inawaka yenyewe, na nikibonyeza swichi nyumba nzima giza. Wameniuzia feki?"

Haikuwa feki. Swichi ni kitu chepesi sana: vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Ninapoitwa kwenye swichi iliyoongezwa ikaleta vurugu, kosa nalikuta kwenye maungio, na mara nyingi nalikuta juu, kwenye kenchi au darini, mahali mtu alipofuata rangi ya waya badala ya kuufuata umeme wenyewe. Laivu, ambayo wengine huita waya wa moto, ipite kwenye swichi kabla ya kufika kwenye taa. Nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, iende kwenye taa moja kwa moja, isipite kwenye swichi. Athi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, iunganishwe kila penye chuma, wala isikatwe popote. Karibu kila dalili iliyo hapa chini imetokana na kuvunja moja kati ya hayo matatu.

Kabla hujapanda stuli

Zima mein swichi, si breka ya karakana peke yake. Uani kwetu ni kawaida taa ziwe breka moja na soketi breka nyingine, na hakuna aliyeandika ipi ni ipi. Kisha pima kwa multimita, ile mita ya kupimia umeme: anza kwenye soketi unayojua ina umeme kabla hujazima, zima, pima pale unapotaka kufanyia kazi, halafu rudi upime kwenye chanzo kingine unachojua kina umeme ili uwe na hakika kwamba mita yenyewe haijafa. Pima laivu na nyutro, laivu na athi, nyutro na athi. Bisibisi ya tesita usiiamini peke yake. Mchana kweupe taa yake haionekani vizuri, na ukiwa umesimama juu ya stuli kavu na kandambili za mpira inaweza kuwaka kwa shida ukadhani hakuna kitu.

Na tusidanganyane: "umeme umekatika" si sawa na "nimezima". Umeme uliokatika hurudi bila kubisha hodi. Kama nyumba ina jenereta au inveta ya sola, hivyo navyo vizimwe. Nimewahi kukuta nyaya zina umeme wakati mtaa mzima uko gizani, kwa sababu kijana wa nyumba alikuwa amewasha jenereta aangalie mpira.

Ukitaka kuvuta laini mpya kutoka kwenye bodi, hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Hapa nazungumzia swichi iliyokwisha kuongezwa na haifanyi unavyotaka. Ukiona umefika mahali hujui waya uliyoshika ni upi, funika ncha, shuka, mwite fundi.

"Inawaka yenyewe, nikibonyeza, breka inashuka"

Hili ndilo la mjomba, na ndilo ninalolikuta zaidi.

Katika nyumba nyingi, umeme wa taa hufika kwanza juu, kwenye holda au kwenye kiboksi cha kuungia. Kutoka hapo waya wa nyuzi mbili hushuka ukutani hadi kwenye swichi. Waya huo una uzi mwekundu na uzi mweusi. Mwekundu unaishusha laivu. Mweusi unaipandisha laivu hiyohiyo juu baada ya kupita kwenye swichi. Kwa hiyo mweusi huu si nyutro, ingawa umevaa nguo za nyutro.

Mjomba alifanya ambacho mtu yeyote nadhifu angefanya. Akakusanya nyekundu zote pamoja, nyeusi zote pamoja, akazifunga tepu vizuri kuliko mafundi wengi ninaowajua. Matokeo yake taa ikapata laivu na nyutro moja kwa moja, ndiyo maana inawaka bila kubonyezwa. Swichi nayo ikakaa katikati ya laivu na nyutro. Ukiibonyeza, umezikutanisha hizo mbili bila mzigo wowote kati yake. Hiyo ni shoti kamili, na breka imefanya kazi yake. Kwenye bodi ya zamani ambayo mtu amefunga waya mnene mahali pa uzi wa fyuzi, kisingeshuka kitu. Ungeungua waya ndani ya ukuta, au kenchi yenyewe.

Dawa yake ni kuutafuta ule mweusi unaorudi. Mein imezimwa, umepima, umeridhika. Toa balbu au tyubu zote za karakana, maana kipimo kinaweza kupita ndani ya taa kikakudanganya. Zitenganishe nyeusi zote, na nyekundu zote, zisigusane. Weka mita kwenye kipimo cha mlio. Mtu mmoja akae kwenye swichi, wewe uko juu. Gusa uzi mwekundu na uzi mweusi wa waya uleule, mwambie abonyeze. Waya ambao mita inalia swichi ikiwashwa na kunyamaza ikizimwa, huo ndio waya wa swichi. Papo hapo uvishe ule mweusi tepu nyekundu, juu na chini, ili fundi atakayekuja baada ya miaka mitano asirudie kosa lile.

Sasa unganisha hivi: laivu inayoingia, laivu inayoendelea kwenye taa nyingine kama ipo, na nyekundu ya waya wa swichi, zote pamoja. Mweusi uliovishwa tepu nyekundu uende kwenye taa peke yake. Nyutro zote zikutane na mguu wa pili wa taa. Tumia konekta yenye skrubu ndani ya kiboksi chenye kifuniko. Waya uliosokotwa na kuvishwa tepu kisha ukaachwa ukining'inia kwenye kenchi, juu ya maranda ya mbao, ni kibiriti kinachosubiri.

Nyaya za siku hizi huja kahawia na bluu badala ya nyekundu na nyeusi. Uingereza, ambako utaratibu huu ulitoka, walianza kuhamia rangi hizo 2004. Madukani utazikuta zote, na karakana nyingi zina mchanganyiko. Kosa ni lilelile, sema safari hii bluu ndiyo inayosingiziwa nyutro.

Jambo moja watu hulisahau: swichi iliyobonyezwa ikiwa kwenye shoti huweza kuungua ndani au kushikana. Ibadilishe. Bei yake haifikii nauli ya kumwita fundi mara ya pili.

Kama breka inashuka ukibonyeza lakini taa *haikuwa* inawaka kabla, ugonjwa ni mwingine. Shoti iko baada ya swichi: waya umebanwa na skrubu ya boksi, umepigwa msumari, au holda imeungua ndani. Zima mein, fungua waya wa swichi pale kwenye taa, ufunike ncha yake vizuri kwa konekta, washa, bonyeza. Ikishuka tena, waya wa ukutani ndio mbovu. Isiposhuka, tafuta kwenye taa.

"Haiwaki kabisa"

Tuanze na lile la kuchekesha: angalia LUKU, huenda umeme uliolipia umekwisha. Kisha jaribu balbu mahali pengine.

Baada ya hapo fungua swichi, mein ikiwa imezimwa. Duka likikuuzia swichi yenye matundu matatu, COM, L1 na L2, hiyo ni ya kuwashia taa kutoka sehemu mbili. Inaweza kutumika kama ya kawaida, lakini waya mmoja lazima ukae COM na mwingine L1. Ukiziweka L1 na L2, taa haitawaka maisha, kwa sababu matundu hayo mawili hayakutani kamwe. Nimemkuta mtu Chuno amebadilisha balbu tatu na holda mbili kwa ajili ya hilo tu.

Sababu ya pili ni skrubu kubana plastiki badala ya shaba. Kwa nje unaona waya umeingia. Uvute kidogo kwa mkono: ukitoka, umeshapata jibu.

Ya tatu ni nyutro. Mtu ameongeza swichi, akateremsha laivu, akairudisha, akaikata nyutro njiani na kusahau kuiunga. Hapa mita inasaidia sana, ila vipimo hivi vinachukuliwa umeme ukiwa umewashwa, kwa hiyo kama hujazoea mwachie aliyezoea. Pima kwenye holda swichi ikiwa imewashwa. Laivu na athi ikionyesha volti 230 au karibu na hapo, lakini laivu na nyutro haionyeshi kitu cha maana, nyutro imekatika. Ikionyesha 230 zote mbili, umeme umefika na taa ndiyo mbovu.

Tahadhari na volti za mzimu. Mita ya kidijitali inaweza kukuonyesha volti 40, 60 au 90 kwenye waya usiounganishwa na chochote, kwa sababu tu umelala ubavuni mwa waya wenye umeme. Weka balbu ya kujaribia kati ya waya huo na nyutro: mzimu utatoweka.

"Haizimi"

Kama haizimi na breka haishuki, angalia mambo mawili. Ama laivu imeungwa na waya wa taa kule juu, hivyo umeme unairuka swichi, ama nyaya zote mbili zimetiwa tundu moja la swichi. Likishindikana hilo na lile, swichi yenyewe imeshikana ndani.

"Taa ya pili inawaka ya kwanza ikiwaka tu", au "zote mbili hafifu"

Hapa mtu aliongeza taa na swichi yake, akachukua laivu kwenye holda ya taa ya zamani. Laivu iliyokuwa karibu pale ni ile iliyokwisha kupita kwenye swichi ya kwanza. Basi taa mpya imekuwa mtoto wa taa ya zamani. Rudi nyuma uchukue laivu ya kudumu, kwenye kiboksi cha kuungia au kwenye COM ya swichi ya kwanza.

Zikiwa hafifu zote mbili, zimeungwa mfuatano: umeme unatoka kwenye moja ndipo uingie kwenye nyingine, na volti 230 zinagawanywa. Balbu za LED zikiungwa hivyo hupepesa au zikakataa kabisa. Kila taa inahitaji laivu yake na nyutro yake.

"Nimezima, lakini LED inang'aa kwa mbali usiku"

Wapo wanaosema ni majini. Kuna sababu tatu, mbili ni ndogo. Swichi yenye kitaa kidogo cha kuonyesha mahali ilipo hupitisha umeme kiduchu, unaotosha kuamsha LED. Waya mrefu unaokwenda sambamba na laivu huweza kufanya vilevile.

Ya tatu ndiyo ninayoiogopa: swichi imewekwa kwenye nyutro. Taa inazimika ukibonyeza, kila mtu anaridhika, lakini laivu inabaki kwenye holda saa zote. Siku utakapopanda kubadilisha balbu ukijua umezima, kidole kitaigusa. Pima hivi: swichi imezimwa, mein imewashwa, mita kati ya kila mguu wa holda na athi. Mguu wowote ukionyesha karibu 230, zima mein uhamishie swichi kwenye laivu. Usisubiri wikiendi.

"Swichi inapata moto, inachechea, inanuka"

Zima sasa hivi, ndipo tuendelee.

Skrubu iliyolegea ndiyo mshukiwa wa kwanza kokote duniani. Lakini pwani yetu ina mambo yake. Shangani, Mikindani, na kule Lindi nyumba zilizo chini karibu na bahari, upepo una chumvi. Fungua swichi iliyokaa miaka michache ukutani upande wa bahari utaona shaba imeota kutu ya kijani na skrubu zimebadilika rangi. Kiungo chenye kutu hupinga umeme, kinapata joto, joto linakilegeza zaidi. Kata sehemu iliyooza, ichune hadi shaba ing'ae, kaza upya. Swichi ikiwa nje au upande wa upepo, nunua ile ya boksi lenye mpira wa kuzuia maji. Ya sebuleni haitadumu.

Karakana ya mbao ina adui mwingine: vumbi la msumeno. Mninga na mkongo ukipigwa msasa hutoa unga laini unaoingia kwenye swichi kupitia tundu la waya. Ukikutana na cheche za swichi iliyolegea, unaungua taratibu bila moto kuonekana, na harufu unaisikia kesho yake. Ziba matundu, usiache boksi wazi. Na mjusi akiingia humo kutafuta sisimizi, utamkuta amekauka katikati ya skrubu mbili. Si mzaha, nimeshatoa zaidi ya mmoja.

Halafu kuna wanaounganisha mashine kwenye swichi ya taa kwa sababu "ina amp 10". Taa kumi za LED za wati 18 hazifiki hata amp 1. Randa ya wati 1,500 inakula kama amp 6.5 ikiwa imeshika kasi, lakini pale inapoanza kuzunguka huvuta mara 5 hadi 7 ya hapo, kwa muda mfupi. Swichi ya taa haikutengenezwa kwa kishindo hicho, na waya wa milimita za mraba 1.5 uliopitishwa kwa ajili ya taa nao haukukusudiwa mashine. Mashine ipate soketi na waya wa 2.5 au zaidi, na breka yake.

"RCD inashuka nikiwasha taa mpya"

RCD ni ile breka yenye kitufe cha herufi T. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Ukipungua, hata miliamp 30 tu, inakata. Ikishuka mara tu unapowasha swichi mpya, mara nyingi umeazima nyutro. Laivu umeichukua mzunguko wa karakana, nyutro ukaichukua mzunguko wa nyumba kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Umeme unatoka mlango huu na kurudi mlango ule. RCD inahesabu, haioni unaorudi, inakata. Rudisha nyutro kwa mwenzake.

Ikishuka mvua ikinyesha tu, mambo ni maji: boksi la nje, au bati linavuja juu ya maungio. Kwetu mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, kwa hiyo kazi iliyofanywa msimu wa korosho, jua kali, hupata mtihani wake wa kwanza mwezi mmoja au miwili baadaye. Usiitoe RCD "ili tupate amani". Na ukishika skrubu ya swichi ukahisi kama sindano, hapo laivu inavuja na athi haipo au imekatika. Zima mein, mwite fundi.

"Milango miwili, swichi mbili, hazielewani"

Taa inakubali swichi ya mlangoni pale tu ile ya uani ikiwa imelala upande mmoja. COM ya mojawapo imechanganywa na L1 au L2. COM ya swichi ya kwanza inapokea laivu, COM ya pili inapeleka kwenye taa, na nyaya mbili za kati zinaunganisha L1 na L1, L2 na L2.

"Randa ikianza, taa inabadilika"

Ikififia kidogo kwa nukta moja, ni kawaida. Ikififia sana, angalia kama taa na mashine zinachangia waya mmoja mwembamba mrefu. Lakini taa *ikiongezeka* mwanga, au baadhi ya taa za nyumba ziking'aa kupita kiasi huku nyingine zikififia, achana na swichi. Huenda nyutro imelegea kwenye mlingoti au inapoingilia nyumba, na volti zinaweza kupanda mbali juu ya 230. Zima mein, chomoa friji na televisheni, piga simu TANESCO.

Na ile ya mwisho ya mjomba

Swichi ilipokaa sawa, mjomba akaanza kufanya kazi usiku, jambo ambalo hakulizoea. Baada ya siku mbili akanipigia tena. Msumeno wa duara, akasema, unazunguka polepole huku unaunguruma kama kawaida, na kuna wakati unaonekana umesimama kabisa.

Taa zake zilikuwa tyubu za zamani zenye choki na starta. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo tyubu ya namna hiyo hupungua na kuzidi mwanga mara 100 kila sekunde. Kisu kikizunguka kwa kasi inayolingana na mapigo hayo, jicho hulikuta jino la msumeno mahali palepale kila mwanga unapozidi, na akili inasema kimesimama. Mchana jua lilikuwa linaficha jambo hilo. Nikamwambia asiwashe msumeno usiku mpaka nifike.

Nilizitoa tyubu zote mbili, nikaweka LED. Kabla ya kununua nilizijaribu dukani kwa kamera ya simu: iliyojaa mistari inayotembea kwenye kioo nikairudisha, iliyotulia nikaichukua. Juu ya msumeno wenyewe nikaning'iniza balbu yake, na swichi nikaihamisha kutoka nyuma ya rundo la mbao hadi karibu na kitasa cha mlango, urefu wa bega, ili aiwashe kabla ya kuingia na aizime akiwa ameshatoka.